Muulize Mjomba: Bunduki ya bolti kwa kulungu, mfuko dola 600

Barua za mwezi huu karibu zote zinatoka Marekani na karibu zote zinahusu kitu kimoja. Msimu wa kulungu unakaribia, watu wamealikwa msituni na wenzao wa kazini, na kila mtu anauliza bunduki ipi ya bei nafuu. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imebeba maswali ya wengine wengi.

*Shikamoo Mjomba. Nimekulia Kigoma, sasa hivi niko Erie, Pennsylvania, napiga kazi kiwandani na wazungu ambao ikifika mwezi wa 11 hakuna stori nyingine zaidi ya kulungu. Mwaka huu wamenialika, kozi ya usalama nishamaliza na cheti ninacho. Kimbembe ni bunduki. Mmoja ananiambia Savage Axis, mwingine anasema Axis takataka chukua Ruger American, wa tatu anasema achana na zote hizo jikaze ununue Tikka. Nina dola 600 na hapo nataka kila kitu, bunduki, darubini na risasi. Halafu mimi natumia mkono wa kushoto, na mke wangu ambaye ni mfupi naye anataka kwenda mwakani kwa bunduki hiyohiyo. Nichukue ipi na kaliba gani, yaani risasi za saizi gani? – Mashoto wa Erie*

Marahaba mpwa. Hao watatu wote wana ukweli wao ndo maana hawataelewana mpaka msimu uishe. Ila nikuambie kitu kimoja mapema, kwa bei unayoizungumzia bunduki hizi hazijaachana sana kwenye shabaha. Bunduki ya dola 400 na kitu ya siku hizi, ukiipa risasi inayoipenda, inakuwekea matundu matatu ndani ya inchi moja na nusu kwenye yadi 100. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa kama inchi 8, na kwenye misitu ya huko kwenu miti imebanana kiasi kwamba mara nyingi hata hizo yadi 100 huzioni. Kwa hiyo bunduki yoyote kati ya hizo inatosha kabisa. Wasiwasi wako uweke kwenye darubini, kwenye risasi za mazoezi, na kwenye kama hiyo bunduki inakukaa mwilini, maana hapo ndo watu wanapokosa kulungu.

Na wasikuchanganye na zile semi-otomatiki, zinazojikoki zenyewe kila ukifyatua, Pennsylvania hairuhusu kupiga kulungu kwa raifo ya semi-otomatiki. Unabaki na za kukoki kwa mkono, kama bolti, ambayo unainua na kuvuta mpini wa kando kila baada ya risasi, au zile za koboi za kukoki kwa wenzo wa chini, na bolti ndo rahisi kuwekea darubini na ndo rahisi mfukoni.

Sasa tuzichambue. Axis ilitoka 2010, mwanzoni kwa jina la Edge, na tangu hapo imekuwa bunduki ya mtu anayehesabu senti. Ukienda kwenye Axis hakikisha ni Axis II yenye triga ile wanayoiita AccuTrigger, ina kijiulimi chembamba katikati ya triga, na unaweza kuirekebisha uzito. Ile Axis ya kawaida ya zamani triga yake nzito, unavuta unavuta mpaka bunduki inayumba kabla haijalia. Mtutu wa Axis mzuri, sina neno. Udhaifu wake ni kitako, yaani mwili wote wa plastiki unaobeba mtutu, ile sehemu ya mbele ni nyepesi, ukiegemeza kwenye jiwe au ukuta inapinda inagusa mtutu na risasi inahama. Jaribu hivi ukiwa dukani: chukua noti ya dola, ipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele uivute kurudi nyuma, halafu bana ile plastiki kwa mkono kama vile umeiegemeza ujaribu tena. Noti ikikwama umeshajua bunduki hiyo unaishikaje msituni, unaegemeza karibu na magazini, kile kisanduku cha risasi, sio kule mbele.

Ruger American, iliyotoka karibu 2012, kitako chake nacho plastiki ila kimejengwa vizuri zaidi na mahali chuma kinapokaa ndani ya kitako pameshikwa imara. Bolti yake inainuka digrii 70 tu, ya Axis ni 90. Unaweza kuona ni kitu kidogo mpaka siku umevaa glavu nene, asubuhi baridi kali, unataka kukoki risasi ya pili na vidole vinagonga darubini. Kuna toleo jipya la Generation II, zuri sana lakini bei imepanda, kwa hela yako tafuta lile la kwanza. Mimi ningekuwa nachagua kati ya hizi mbili bila kufikiria mfuko ningechukua Ruger, sisemi Axis ni takataka, huyo jamaa yako anapenda tu kuongea.

Tikka ni habari nyingine. Inatengenezwa Finland na kampuni ya Sako, bolti yake inateleza kama imepakwa siagi, kila mtu aliyeishika anaitamani. Lakini Tikka tupu bila darubini imeshakula zaidi ya hela yako yote, utabaki na bunduki nzuri sana na darubini ya kichina ya dola 40 juu yake, na hapo umefanya biashara mbovu. Muache mwenye Tikka afurahi na Tikka yake.

Tufanye hesabu. Axis II ya pakiti, yaani inakuja na darubini imeshafungwa, ni kama dola 450 kutegemea duka. Kodi ya Pennsylvania ni asilimia 6, weka 27. Maboksi matatu ya risasi 20 kwa dola 30 hivi kila moja, 90 na kodi yake. Umefika 570 na kitu, ile iliyobaki ni kofia na kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa, ambavyo sio hiari, sheria inataka inchi za mraba 250 za rangi hiyo kichwani, kifuani na mgongoni zionekane pande zote. Ruger kwa dola 480, darubini ya 150, ringi zake za kuifungia kwenye bunduki 30, maboksi mawili 60, na kodi juu, umeshapita 750. Kwa hiyo kama 600 ni ukuta kweli basi jibu lako ni Axis II ya pakiti, na usione aibu. Kama unaweza kusubiri mishahara miwili mbele, Ruger.

Darubini za pakiti sio nzuri sana, nyingi zinakuza mara 3 hadi 9 na kioo cha mbele ni cha milimita 40, zinatosha mchana ila jioni mwanga ukififia zinachoka mapema, na kulungu ndo wanatoka muda huo. Zinatosha kuanzia. Ila ukifika nyumbani, hakikisha bunduki ni tupu, chukua bisibisi ukague skrubu zote za ringi na za besi, kile kipande ringi zinapokalia, kwa sababu zile za kiwandani mara nyingi hazijakazwa sawa, watu wanamaliza maboksi mawili ya risasi wanailaumu bunduki kumbe darubini inacheza. Kaza sawasawa pande zote, usitumie nguvu za kufungulia gurudumu. Na ukiwa msituni iache kwenye 3 au 4, ukiiweka kwenye 9 kulungu akitokea yadi 30 utaona manyoya tu.

Sasa hili la mkono wa kushoto. Savage na Ruger zote zina matoleo ya mashoto yenye bolti upande wa kushoto, sio kila kaliba na sio kila duka wanaweka, mara nyingi inabidi waagize, kwa hiyo usisubiri wiki ya mwisho. Lakini kabla hujaagiza pima jicho lako. Nyoosha mikono yote mbele, tengeneza kitundu kidogo kwa viganja viwili, tazama swichi ya ukutani kupitia hicho kitundu macho yote yakiwa wazi, halafu funga jicho moja moja. Jicho ambalo likiwa wazi peke yake swichi inabaki ndani ya tundu ndo jicho lako la kulengea. Wapo mashoto wengi ambao jicho lao kuu ni la kulia, hao mara nyingi wanajifunza haraka zaidi wakiweka bunduki bega la kulia, na hapo unanunua bunduki ya kawaida tu, uchaguzi unakuwa mpana na bei inashuka.

Na hukusema mke wako anatumia mkono gani. Hapa ndo mpango wako unapoweza kuvunjika mpwa, maana kama yeye ni wa kulia na wewe unachukua bolti ya kushoto, hiyo bunduki sio ya nyumba nzima, ni yako peke yako. Halafu urefu. Kitako cha kawaida kutoka triga hadi mwisho ni kama inchi 13 na robo tatu, kwa mtu mfupi ni kirefu, atanyoosha shingo mbele kutafuta darubini na akifyatua ile darubini inamrudia kwenye nyusi, nimeona watu wana alama ya mwezi mchanga usoni kwa ajili hiyo. Mpeleke dukani na JAKETI LA BARIDI kavaa, maana jaketi linaongeza unene begani. Aweke mwisho wa kitako kwenye kiwiko kwa ndani, kidole kikifika kwenye triga bila kujinyoosha bunduki inamfaa, isipofika haimfai. Ruger wana toleo la Compact lenye kitako cha inchi 12 na nusu, na Mossberg Patriot wana ile Super Bantam ambayo kitako kinaongezeka na kupungua kwa kipande cha kuchomeka, hiyo naipenda kwa wanawake wafupi na vijana. Ushauri wangu, mwaka huu nunua yako, mwakani ya kwake, kuliko kununua moja isiyomfaa yeyote.

Kaliba nitakwenda haraka maana watu wanazibishania kama Simba na Yanga. Kulungu wa mkia mweupe hahitaji mzinga. .243 ina teke dogo, yaani haikurudii sana begani, na inaua kulungu vizuri ukimpiga mahali pake, ila haikusamehe ukikosea. 6.5 Creedmoor ya kampuni ya Hornady, iliyotoka 2007, teke lake bado la upole na inapatikana kila mahali. .308 ni ndugu yake ile risasi ya bunduki ya G3 wanayobeba askari wa Kenya, ina nguvu za ziada, teke linasikika lakini mtu mzima analimudu. .270 na .30-06 ni za wazee, nzuri hadi kesho, .30-06 imekuwepo tangu 1906 na duka lolote la kijijini Pennsylvania halikosi boksi lake. Ila katika bunduki nyepesi ya plastiki .30-06 inarusha teke la punda, na mtu anayeanza akipigwa teke mara tano anaanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Kwako wewe .308 au 6.5 Creedmoor. Nenda duka la karibu na kwako angalia rafuni, ile yenye maboksi mengi na ya bei ya kawaida ndo yako. Kama bado unashikilia kuwa mke atatumia hiyohiyo, 6.5 na mjadala umekwisha.

Kuseti darubini hakuhitaji fundi. Anza yadi 25 ili angalau uipate karatasi, kisha nenda 100. Piga tatu polepole kutoka kwenye mifuko ya mchanga, uache mtutu upoe, halafu tazama katikati ya hayo matundu matatu, sio tundu moja moja. Darubini nyingi kliki moja inahamisha robo inchi kwenye yadi 100. Tuseme umepiga inchi 3 chini na 2 kushoto, hiyo ni kliki 12 kwenda juu na 8 kwenda kulia. Ukiwa yadi 50 kliki inahamisha nusu ya hapo tu, kwa hiyo zidisha mara mbili. Piga tena tatu. Ikishakaa achana na benchi, boksi la mwisho lipige ukiwa umekaa chini, umepiga goti, umeegemea mti, kwa sababu msituni hakuna benchi.

La makaratasi: ukiwa na green card, kadi ya ukazi wa kudumu, unaruhusiwa kununua, utajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia bunduki, ambayo inataka namba yako ya uhamiaji, na polisi wa jimbo wanakukagua kwenye mfumo wao papo hapo, wakati mwingine wanachelewesha, usipanic. Wenye viza za muda, masomo au matembezi, sheria yao ni tofauti na ina masharti, ongea na mwanasheria kwanza. Na usimwombe rafiki mwenye pasipoti ya Marekani akununulie kwa jina lake eti kurahisisha, hilo ni kosa la jinai la serikali kuu na linaweza kukutoa nchini kabisa.

*Mjomba, jamaa wa kazini ananiuzia Remington 700 ya zamani ya .270, ya mbao, na darubini, dola 400. Imekaa vizuri kuliko hizi za plastiki. Niichukue? – Baba Neema, Harrisburg*

700 ni bunduki ya heshima Baba Neema, ipo tangu 1962 na nyingi bado zinalenga kuliko wenye nazo. Kwa bei hiyo na darubini ningeshawishika. Lakini kuna jambo la triga lazima ulijue. Matoleo ya zamani yalilalamikiwa kwa miaka mingi kwamba yanaweza kulia bila triga kuvutwa, ikafika mpaka mahakamani, na mwaka 2014 kampuni yenyewe ikaita zirudi zile zenye triga ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2014. Kwa hiyo muulize jamaa ni ya mwaka gani na triga imewahi kubadilishwa.

Halafu ipime mwenyewe. Toa magazini na risasi, chungulia chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa macho na uingize kidole, ikiwa tupu elekeza mtutu mahali salama. Koki. Weka sefti, kile kizuizi cha usalama. Vuta triga kwa nguvu kidogo, iachie. Sasa toa sefti bila kugusa triga. Ukisikia "tak" hapo, hiyo bunduki haiendi msituni. Fungua na funga bolti kwa nguvu mara kadhaa, ikilia yenyewe, jibu ni lilelile. Hata ikifaulu yote hayo bado mpelekee fundi bunduki abadilishe triga kama ni ya zamani, ni hela kidogo ukilinganisha na mguu wa mtu. Chungulia pia ndani ya mtutu na tochi, hasa karibu na mdomo, kama kuna kutu ya vidoti vidoti punguza bei au ondoka. Mbao nazo, Pennsylvania kuna mvua na theluji, mbao ikinyonya maji inavimba inasukuma mtutu na shabaha inahama wiki hadi wiki, ndo kisa watu walihamia plastiki hata kama haipendezi.

Na makabidhiano yafanyieni kwa mwenye duka lenye leseni. Mtalipa ada ndogo lakini jina lako litakuwa safi.

*Uncle niko Texas, nataka nikimaliza msimu nimtumie babu yangu Tabora hiyo bunduki kwenye kontena na nguo, inawezekana? – D.*

Usithubutu. Kutoa bunduki Marekani kunahitaji kibali cha kusafirisha nje, kuiingiza Tanzania kunahitaji kibali kingine chini ya sheria ya silaha ya 2015, na kuificha kwenye nguo ni jela nchi zote mbili, na babu utamtia matatani bure. Mtumie hela.

*Assalaam aleikum Mjomba. Mimi wa Mombasa, naishi Ohio. Nikimpiga kulungu kwa bunduki nyama ni halali? Na wenzangu wananiambia ukishampiga subiri nusu saa ndo umfuate, sasa si atakufa sijamchinja? – Bint Ali*

Waaleikum salaam binti. Mimi si sheikh, swali la kwanza mpelekee wa msikiti wako, maana lina khitilafu. Ninachojua ni kwamba mawindo yana hukumu yake, unataja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, na ukimkuta hai unamchinja. Kuhusu risasi, maulamaa wengi wa zama hizi wanairuhusu kwa hoja kwamba inachoma na kutoboa kama mshale, wengine wanaona inaua kwa kishindo na wanataka lazima achinjwe.

La pili ndo langu. Ile nusu saa inatokana na kulungu aliyepigwa vibaya, tumboni kwa mfano, huyo ukimkimbilia anaamka na kukimbia maili nzima na unampoteza. Aliyepigwa nyuma ya bega, kwenye mapafu, anakwenda mwendo mfupi na kuanguka, mara nyingi ndani ya dakika moja. Kwa hiyo kama unataka kumwahi na kisu, dawa ni kusubiri akupe ubavu wake wote na umpige karibu, yadi 50 au 60, ukimwona yuko kimshazari au anatembea mwache apite. Ohio kwa raifo mnatumia risasi za ganda lililonyooka, lisilo na shingo nyembamba mbele, .350 Legend na .450 Bushmaster ndo zinauzwa sana kwenye bolti za bei nafuu, chukua .350, teke lake dogo na kwa umbali huo inatosha kabisa.

Ukimfikia ameanguka usikimbilie shingo. Koki risasi nyingine kwanza, weka sefti, mzunguke utokee upande wa mgongo kwa sababu miguu yake inakata kama panga, mguse jicho kwa ncha ya kijiti kirefu. Akipepesa bado yuko hai. Hapo ndo unatoa risasi chemba, unaweka bunduki chini mdomo ukiangalia mbali, unamkandamiza pembe au sikio kwa goti ukiwa mgongoni kwake na unamchinja. Kisu kiwe umekinoa nyumbani, sio kile cha jikoni cha kukatia vitunguu.